Swichi Imeulizwa Nini? Itifaki za Kuchunga na Kusimamia Vifaa vya Mtandao

"Mtandao unasumbua." Mteja akiambiwa hivyo dirishani hana la kufanya ila kurudi kwenye benchi. Mhudumu hana kosa. Anachokiona yeye ni skrini iliyoganda. Lakini maneno hayo yakitoka kinywani mwa fundi wa mtandao yana upungufu mkubwa. Mtandao si kitu kimoja. Ni swichi iliyo kwenye kabati la ghorofa ya pili, ni ruta, ni kebo ya faiba iliyopita chini ya barabara, ni seva iliyo mji mwingine, ni UPS yenye betri iliyochoka. Fundi asiyeweza kusema ni kipi kati ya hivyo kinachosumbua, tangu saa ngapi na kwa kiasi gani, hajui zaidi ya mteja aliyeko kwenye benchi.

Jambo hili linaniuma kwa sababu vifaa vyenyewe vinajua. Niliwahi kuitwa kwenye chuo kimoja mkoani, Jumatatu asubuhi, seva zote zimejizima. Kiyoyozi cha chumba chao kilikufa Ijumaa jioni na joto likapanda mpaka mashine zikajilinda kwa kuzima. Swichi ya chumba kilekile ilibaki hai. Tulipoingia na kusoma kumbukumbu zake tulikuta onyo la joto la Ijumaa usiku, jingine la alfajiri ya Jumamosi, na mengine mfululizo mpaka Jumapili. Ilikuwa imelia siku mbili nzima. Hakuna aliyesikia, kwa kuwa mstari mmoja wa kuiambia ipeleke taarifa zake wapi haukuwahi kuandikwa.

Itifaki ninazozichambua hapa ndizo masikio yaliyokosekana kwenye chumba kile. Ni nyingi kwa majina, ila zinafanya kazi mbili tu: kuuliza kifaa hali yake, na kukipa amri. Kazi hizi zinatofautiana kuliko zinavyoonekana, na miaka thelathini na zaidi ya historia ya itifaki hizi ni habari ya mafundi kujifunza, mara nyingi kwa hasara, kwamba chombo kinachofaa kwa moja hakifai kwa nyingine.

Tuanze na hodi. Mwaka 1981 Intaneti iliwekewa itifaki ya ICMP, ya vifaa kupashana habari za makosa na kuulizana kama vipo. Desemba 1983 Mike Muuss, aliyekuwa kwenye maabara ya Jeshi la Marekani jimboni Maryland, akaandika programu ndogo ya kuitumia, akaiita ping kwa kufananisha na mlio wa chombo cha manowari kinachotambua vitu majini kwa mwangwi. Mafundi wetu leo wanasema "kupingi", na neno limeshakuwa letu. Kupingi ni kubisha hodi: aliyemo ndani akiitika karibu, unajua yupo, na unajua amechukua muda gani kuitika. Hujui kama ndani bomba limepasuka na maji yamefika magotini.

Hata hivyo, hodi ikibishwa kwa mpangilio inasema mengi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko katika ukanda huu. Fundi aliyekuwa na mashine inayobisha hodi kila dakika kwa ruta yake ya ndani, kisha kwa mtoa huduma wake, kisha kwa anwani moja iliyoko Ulaya, aliweza kuona kwa jicho moja kwamba mbili za kwanza zinaitika na ya tatu kimya. Ungemkuta ametulia na jibu analo. Asiye na kipimo hicho alishinda akizima na kuwasha ruta isiyo na kosa.

Baada ya hodi ndipo linapokuja swali lenyewe la hali ya ndani. Mwaka 1987 Jeffrey Case, James Davin, Mark Fedor na Martin Schoffstall walitoa itifaki ndogo ya kuchunga ruta, na mwaka uliofuata ikakua na kuwa SNMP, yaani itifaki sahili ya kusimamia mitandao. Bodi iliyokuwa ikisimamia usanifu wa Intaneti iliamua mwaka 1988 kwamba SNMP itumike kwa muda tu, wakati ikisubiriwa itifaki kubwa na kamili zaidi, CMIP, iliyotokana na viwango vya kimataifa vya OSI. Ile ya muda ndiyo iliyobaki. Sababu yake inafaa kukumbukwa na kila anayebuni mifumo: SNMP iliweka mzigo wote upande wa anayeuliza. Ndani ya kifaa inakaa programu ndogo inayoitwa wakala, isiyohitaji kujua mengi. Kazi yake ni kusoma namba na kuijibu. Akili yote iko kwa meneja, mashine moja iliyowekwa ofisini. Ruta za miaka ile zilikuwa na kumbukumbu finyu, na wakala wa CMIP alikuwa mzito mno kwao.

Wakala anajibu nini? Kila kitu kinachoweza kuulizwa kimepewa namba kwenye mti mmoja mkubwa. Chukua 1.3.6.1.2.1.1.3.0. Isome kama unavyosoma anwani ya nyumba kuanzia nchi, mkoa, wilaya, kata, mpaka mtaa. Namba 1 ni shirika la viwango la ISO. 3 ni tawi la mashirika yaliyotambuliwa. 6 ni Wizara ya Ulinzi ya Marekani, mlezi wa Intaneti ya awali. 1 ni Intaneti. 2 ni usimamizi. 1 ni orodha ya kawaida ya vitu vya kuulizwa, ambayo mafundi huiita MIB. 1 inayofuata ni kundi la habari za kifaa chenyewe. 3 ni muda tangu wakala alipoanza kazi, kwa kawaida tangu kifaa kilipowaka. Na 0 ya mwisho ina maana kwamba jibu ni moja tu. Uliza anwani hiyo kwa swichi yoyote inayozungumza SNMP, iwe ya Cisco, Huawei au MikroTik, utajibiwa kwa sehemu za mia za sekunde. Kwa kuwa namba hiyo ina biti 32, hujaa baada ya siku 497 na kurudi sifuri, na fundi asiyejua hilo huamini kwamba umeme ulikatika.

Hapa kwenye namba zinazojaa ndipo wengi wanapoteleza, na naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Swichi haikuambii kasi ya matumizi. Inakuambia jumla ya baiti zilizopita mlango fulani tangu ilipowaka, kama mita ya maji inavyoonyesha jumla na si bili ya mwezi. Meneja anasoma mara mbili na kutoa. Saa nne kamili asubuhi umesoma 3,912,450,118. Saa nne na dakika tano umesoma 4,287,450,118. Tofauti ni baiti 375,000,000 kwa sekunde 300, yaani baiti 1,250,000 kwa sekunde. Zidisha kwa 8, unapata megabiti 10 kwa sekunde. Saa nne na dakika kumi unasoma 367,482,822. Namba imeshuka, lakini mtandao haukurudi nyuma: kaunta ya biti 32 ilifika 4,294,967,296 ikaanza upya. Meneja mzuri analijua hilo, anaongeza kilichokatika, anapata megabiti 10 zilezile.

Tatizo ni kaunta ikizunguka zaidi ya mara moja kati ya usomaji mmoja na mwingine. Kwenye laini ya megabiti 100 inayotumika yote, inajaa kwa takribani sekunde 343, hivyo kusoma kila dakika tano kunatosha kwa shida. Kwenye laini ya gigabiti moja inajaa kila baada ya sekunde 34. Ukisoma kila dakika tano imeshazunguka mara nane, na huna njia ya kujua. Nimeona ofisi ambayo wateja wake walilalamika kila jioni huku grafu ukutani ikionyesha laini imelala, na wakubwa wakawa wanajadili kununua ruta mpya. Dawa ilikuwa kubadili swali: toleo la pili la SNMP, lile la mwaka 1996 liitwalo v2c, lina kaunta za biti 64, ambazo kwa kasi hizi hazijai katika maisha ya kifaa. Tulibadilisha anwani moja ya kuuliza, na jioni ileile grafu ikapanda mpaka juu. Ruta ilikuwa nzima. Laini ndiyo iliyojaa.

Grafu za namna hiyo zina asili ninayoipenda. Tobias Oetiker alianza kuandika programu ya MRTG mwaka 1994 alipokuwa Chuo Kikuu cha De Montfort, Leicester, Uingereza, mahali palipokuwa na laini moja tu ya kilobiti 64 kwenda nje, na kila mtu akitaka kujua inaendaje. Toleo la kwanza likatoka 1995. Uhaba ndio uliozaa kipimo. Nasi huku tuliojua laini za setilaiti za VSAT za bei ghali kabla ya kebo za baharini kufika mwaka 2009 tulikuwa na uhaba huohuo, ila mazoea ya kupima yalitupita.

SNMP haimsubiri meneja kila wakati. Wakala anaweza kutuma taarifa mwenyewe jambo likitokea: mlango umezimika, feni imesimama, joto limezidi. Meneja anauliza kupitia mlango namba 161 na taarifa hizi zinaingia kupitia 162. Lakini zinasafiri kwa UDP, njia isiyo na risiti, na zikipotea hakuna anayejua. Ndiyo maana toleo la pili likaongeza aina ya taarifa inayodai kuitikiwa. Anayetegemea taarifa peke yake amemtegemea mjumbe anayeweza kufia njiani. Kifaa kilichokatikiwa umeme ghafla nacho kwa kawaida hakina nafasi ya kuaga. Kuna mfano mmoja mzuri wa kinyume chake: kwenye faiba za majumbani za GPON, kile kiboksi cha mteja hutumia chaji kidogo iliyobaki ndani yake kutuma ujumbe unaoitwa pumzi ya mwisho. Kwenye mji wenye umeme wa kukatikakatika, ujumbe huo unamwambia mtoa huduma kwamba nyumba haina umeme na faiba haijakatwa, na gari la mafundi halina haja ya kutoka.

Kilichoiponza SNMP ni usalama. Kwenye matoleo mawili ya kwanza ulinzi ni neno moja tu linalopita mtandaoni bila kusimbwa, na vifaa vingi vilitoka kiwandani neno hilo likiwa "public" kwa kusoma na "private" kwa kubadilisha. Vingi bado viko hivyo. Mwanzoni mwa 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, walionyesha kwamba mawakala wa watengenezaji wengi waliweza kuangushwa kwa kupelekewa ujumbe ulioharibiwa makusudi, na tahadhari ikatolewa dunia nzima. Desemba mwaka huohuo toleo la tatu likapitishwa kuwa kiwango kamili, lenye utambulisho wa mtumiaji na usimbaji. Zaidi ya miaka ishirini imepita na ninakuta ofisi zenye siri za watu, hospitali mojawapo, zikiendesha toleo la pili kwa neno la kiwandani. Sioni utetezi wa hilo. Toleo la tatu likitumika kwa utambulisho na usimbaji pamoja halina gharama ila nusu saa ya kusoma. Kifaa kikiwa kikuukuu na hakiliwezi toleo hilo, basi neno libadilishwe, kubadilisha kuzuiwe kabisa, na kifaa kielezwe kimjibu meneja mmoja tu kwa anwani yake.

Sasa amri. SNMP ilikuwa na njia ya kubadilisha mipangilio tangu mwanzo, na karibu hakuna aliyeitumia. Juni 2002 wasanifu wa Intaneti waliwakalisha pamoja waendeshaji wa mitandao na watengenezaji wa itifaki, na kilichosemwa kikachapishwa mwaka 2003 kwa namba RFC 3535. Ni andiko fupi ambalo ningependa kila mwalimu wa mitandao alisome na wanafunzi wake. Waendeshaji walisema wazi: SNMP wanaitumia kuchunga, lakini kupanga vifaa wanaandika amri kwa mkono. Sababu zao zilikuwa za watu wanaolala zamu. Ukibadilisha mambo kumi kwa SNMP na la saba likakataa, umebaki na kifaa nusu. Huwezi kuchukua mipangilio yote kama andiko moja, ukailinganisha na ya wiki jana, ukairudisha.

Jibu lilikuja 2006 kwa jina NETCONF, likaboreshwa 2011, na lugha yake ya kueleza mipangilio, YANG, ikatoka 2010. NETCONF inapita ndani ya njia salama ya SSH, kwa hiyo imesimbwa. Kifaa kinachoiunga mkono kikamilifu kina rasimu: unaandika mabadiliko yote pembeni, unakiambia kiyahakiki, kisha yote yanaingia kwa mpigo au hakuna linaloingia. Na kina kitu ambacho kingeniepusha na safari kadhaa za usiku. Fundi yeyote aliyewahi kubadilisha anwani ya ruta iliyo kilomita mia mbili, akabonyeza kitufe, kisha skrini ikanyamaza, anajua moyo unavyodunda: amejifungia nje, na funguo ziko ndani. Kwa NETCONF unaweza kuagiza mabadiliko yanayosubiri uthibitisho. Usipothibitisha ndani ya muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni sekunde 600, kifaa kinarudi kilivyokuwa. Ukijifungia nje, unasubiri dakika kumi.

Tukirudi kwenye kuchunga hali, kumbukumbu za matukio ni tawi jingine, na ndilo la bei rahisi kuliko yote. Syslog ilianzishwa na Eric Allman huko Berkeley miaka ya 1980 kwa ajili ya programu ya barua, ikaenea kila mahali. Kila ujumbe una ngazi, kuanzia 0, mfumo hautumiki kabisa, hadi 7, mambo ya mafundi wanaotafuta hitilafu. Kompyuta yoyote ya zamani yenye Linux inaweza kupokea ujumbe wa swichi zote za chuo, na ingetosha kuokoa seva za chuo kile. Sharti lake ni saa. Nimelinganisha ruta iliyoandika 23:14 na swichi iliyoandika 02:14 ya siku ya pili, nikatafuta chanzo kwa muda mrefu kabla ya kugundua kwamba ni dakika ileile: moja ilikuwa kwenye saa ya dunia, nyingine kwenye saa ya Afrika Mashariki. NTP, itifaki ya kulinganisha saa iliyobuniwa na David Mills na kuchapishwa 1985, iwekwe kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu kuna swali ambalo kaunta haziwezi kujibu: laini imejaa, nani kaijaza? NetFlow ya Cisco ya mwaka 1996, na kiwango cha wazi cha IPFIX kilichofuata, hutoa kitu kama orodha ya simu zilizopigwa: anwani hii ilizungumza na ile, kwa muda gani, baiti ngapi, bila kilichosemwa. Ni chombo chenye nguvu, na orodha ya nani kazungumza na nani ni habari ya watu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Anayekusanya mitiririko hii aweke muda wa kuifuta. Njia mpya zaidi, ambapo kifaa chenyewe kinasukuma vipimo kila baada ya sekunde chache bila kuulizwa, zinafaa kampuni za simu na vituo vikubwa vya data. Shule, hospitali au halmashauri haina haja ya kuzikimbilia sasa.

Haja yao iko mahali pengine: njia ya kuvifikia vifaa hivyo siku mtandao wenyewe ukianguka. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kwa takribani saa sita, na huku kwetu biashara za watu zilizokuwa zikiendeshwa kwenye makundi ya WhatsApp zikasimama. Kampuni yenyewe ilieleza: amri iliyotolewa wakati wa matengenezo, kwa nia ya kupima uwezo wa uti wa mgongo wa mtandao wao, iliukata wote, programu ya kuhakiki amri kama hizo ilikuwa na hitilafu na haikuizuia, na njia ya pembeni ya kufikia vifaa nayo haikufanya kazi. Ikabidi wahandisi watumwe kwa miguu yao kwenye vituo vilivyojengwa ili visiingilike kirahisi. Tarehe 8 Julai 2022 Rogers, kampuni ya simu na intaneti ya Kanada, ilianguka na wateja zaidi ya milioni 12, na mtandao wa usimamizi ulikuwa umepanda juu ya mtandao uleule uliokufa. Wahandisi wa kampuni hizi wana itifaki zote nilizozitaja na nyingine zaidi. Wao pia walibaki nje ya mlango.

Kinga ya jambo hili kwa taasisi ya kawaida ni modemu ya simu yenye laini ya kampuni nyingine, iliyounganishwa kwenye mlango wa huduma wa ruta kuu, na kujaribiwa kila mwezi. Gharama yake ni ndogo kuliko mafuta ya safari moja ya usiku.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, ukiwa zamu wiki hii ingia kwenye swichi moja tu. Tazama kama neno "public" bado lipo, ulitoe. Ipe saa sahihi. Andika ule mstari unaoiambia ipeleke taarifa zake wapi. Kisha nenda kwenye iliyo jirani yake.